Mataruma ya alumini: namna ya kuchagua profaili na kuziunga ili boti idumu baharini

Miaka michache iliyopita nililetewa boti ya alumini ya mita 7 ambayo haikuwa imemaliza hata misimu miwili ya kaskazi. Ganda lake lilikuwa zima. Nilipoinua sakafu, nikakuta taruma (ubavu wa ndani wa boti) la tatu kutoka shetri, yaani nyuma, limeota unga mweupe, na nilipolichokoa kwa bisibisi ncha ikapenya. Pembeni yake, ndani ya ngama, yaani chini ya sakafu maji yanapokusanyika, yalikuwa yamelala machubwi mawili ya risasi na kipande cha waya wa shaba. Mwenye boti akaniuliza, "Fundi, si tuliambiwa alumini haishiki kutu?"

Aliambiwa kweli, ila aliambiwa nusu. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo. Maji ya bahari yanayopita na kuondoka hayaisumbui. Boti za kasi za Kilimanjaro zinazovusha abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja ni za alumini, zimejengwa Hobart kule Tasmania, na kila siku zinapigwa na chumvi. Kinachoila alumini ni maji yaliyosimama mahali finyu, na metali ngeni iliyogusana nayo ndani ya maji hayo. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana na mambo hayo mawili.

Mwongozo huu ni wa fundi au mwenye chombo anayejenga boti ya kazi ya mita 6 hadi 10, iwe ya uvuvi, ya doria au ya kubeba wageni. Nitakaa zaidi kwenye profaili, yaani engo, flati baa, chaneli na mabomba yanayofanya mataruma na mihimili ya ndani. Plati za ganda kila mtu huzikagua. Mifupa hununuliwa harakaharaka siku ya mwisho.

Hatua ya 1: Anza na namba, umbo baadaye

Alumini ni ukoo wenye matawi mengi, na kila tawi lina namba ya tarakimu nne. Kwa boti unahitaji kuyajua manne tu. Zinazoanza na 5 zimechanganywa na magineziamu, nazo ndizo zinazovumilia maji ya chumvi kuliko zote. Zinazoanza na 6 zina magineziamu na silikoni. Hizi zinasukumwa kirahisi kwenye tundu la kiwandani kupata umbo lolote, ndiyo maana profaili nyingi ni za tawi hili. Zinazoanza na 2 zina shaba na zinazoanza na 7 zina zinki. Hizo mbili za mwisho ni imara sana na zinafaa ndege, lakini usiziingize kwenye boti ya baharini hata ukipewa bure.

Kanuni ninayoifuata: ganda ni 5083, mifupa ni 6082. Plati ya 5083 ije na alama H116 au H321, maana yake imetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya bahari. Profaili ya 6082 ije na alama T6, maana yake imepitishwa kwenye joto ikakomaa. Ukikosa 6082, chukua 6061-T6, zinakaribiana. Profaili za 5083 zipo pia, ila ni ngumu kusukumwa kiwandani, hivyo maumbo yake ni machache na bei yake iko juu. Nazitumia pale tu profaili itakapokaa chini ya maji muda wote, kwa mfano mkuku wa nje, kwa sababu 6082 ikizama moja kwa moja hupata vishimo mapema kuliko 5083.

Sasa kuna kishawishi kimoja kikubwa. Kila mji wa pwani una duka la profaili za madirisha, zinang'aa, na bei yake ni nafuu. Nyingi ni 6063 au 6060. Kwa kutu hazina ubaya. Zingeweza kukaa upepo wa chumvi miaka. Tatizo ni nguvu na unene. 6082-T6 huanza kupinda bila kunyooka tena kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi, wakati 6063-T5 ya dirisha hufika kama nusu yake tu, na kuta zake mara nyingi ni milimita 1.2 hadi 1.5. Tumia za dirisha kwa fremu ya turubai au rafu ya jaketi za uokozi. Usizifanye taruma.

Hatua ya 2: Dai cheti, kisha hakiki mwenyewe

Kwa macho huwezi kutofautisha 6082 na 6063. Muuzaji wa kweli atakupa cheti cha kiwanda, kile kinachoitwa 3.1, chenye namba ya mkupuo (metali iliyoyeyushwa pamoja mara moja), mchanganyiko wa metali na matokeo ya kupima nguvu. Linganisha namba ya mkupuo iliyo kwenye karatasi na ile iliyochapwa kwenye alumini yenyewe. Zikipishana, karatasi hiyo ni ya mzigo mwingine. Kwa plati uliza pia kama imekidhi kipimo cha ASTM B928. Kipimo hicho kilitungwa baada ya plati za 5083 zilizotengenezwa vibaya kuingia kwenye boti huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuanza kupasuka.

Ukiletewa mabaki yasiyo na cheti, kuna jaribio la karakana la kukuonya juu ya tawi la 2 na la 7. Safisha sehemu ndogo kwa msasa, weka tone la magadi makali (kostiki soda) yaliyoyeyushwa kwenye maji, subiri dakika chache, kisha suuza. Alumini yenye shaba nyingi inabaki na doa jeusi. Ya tawi la 5 na la 6 inabaki nyeupe au kijivu hafifu. Vaa glovu na miwani, kwa sababu magadi hayo yanaunguza ngozi na jicho. Jaribio hili halikuambii kama ni 6082 au 6063, na halikuambii kama T6 ni T6 kweli. Linakusaidia kukataa tu.

Hatua ya 3: Pima kimo kabla ya unene

Fundi aliyezoea chuma huchukua michoro yake ya zamani akabadilisha metali, akabakiza vipimo. Boti inatoka ikitikisika kama kitanda cha kamba. Alumini ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma, na ukakamavu wake pia ni theluthi moja. Dawa yake ni kimo. Ukakamavu wa flati baa iliyosimama hukua kwa mchemraba wa kimo chake: ukiitoa milimita 60 ukaipeleka 75, unene uleule, ukakamavu unakaribia kuongezeka maradufu.

Chukua mfano. Flati baa ya chuma ya 50 kwa 6 ina uzito wa kilo 2.36 kwa mita. Ili upate ukakamavu uleule kwa alumini ya unene wa 6, unahitaji kimo cha milimita 72. Sokoni utachukua 75. Hiyo ina kilo 1.2 kwa mita. Umepunguza nusu ya uzito na boti haitikisiki. Ila usiendelee kurefusha bila mpaka, kwa maana flati baa ndefu na nyembamba hujikunja ubavuni. Mimi sivuki mara 15 ya unene. Nikihitaji zaidi nahamia kwenye engo au umbo la T, ambalo lina bapa juu la kuizuia isilale.

Idadi ya mataruma na nafasi kati yake ni kazi ya msanifu wa vyombo, na michoro ionwe na wakaguzi kabla hujakata kitu: TASAC kwa Tanzania Bara, mamlaka ya usafiri baharini kwa Zanzibar, Kenya Maritime Authority kwa upande wa Mombasa na Lamu. Kubadilisha taruma baada ya ganda kuchomelewa ni gharama inayoumiza.

Hatua ya 4: Chagua umbo lisiloshika maji

Hapa ndipo maisha ya boti yanapoamuliwa, na sijui kwa nini huongelewa kidogo.

Shika profaili mkononi, ielekeze vile itakavyokaa ndani ya boti, na ujiulize: tone likidondoka hapa, litakwenda wapi? Chaneli iliyolala kifudifudi humwaga maji. Iliyolala chali ni hori. Engo iliyopachikwa mdomo juu pembeni mwa ganda itakusanya chumvi, mchanga na magamba ya samaki, na chini ya tope hilo hewa haifiki. Utando wa oksidi unahitaji oksijeni ili ujirudishe. Ukiunyima, vishimo vinaanza.

Kila taruma linalokatiza chini liwe na tundu la kupitishia ngama, kwenye sehemu ya chini kabisa, si sentimita mbili juu. Tundu liwe la nusu duara, lisiwe na kona kali, kwa sababu kona ndiyo mahali ufa unapozaliwa. Upana wa milimita 30 hivi unatosha kwa boti ndogo. Ukifanya dogo zaidi, magamba ya samaki na nyuzi za nyavu zitaliziba.

Bomba lina njia mbili tu: ama limefungwa kabisa kwa weldi isiyo na pengo, ama liko wazi na linamwaga chini. La kati, lenye tundu dogo la msumari alilolisahau mtu, huvuta hewa yenye chumvi kila usiku linapopoa na hulika kutoka ndani bila wewe kuona. Ukiona bomba la namna hiyo kwenye boti ya mitumba, toboa chini uone kitakachotoka.

Jambo jingine ni vitu tunavyolaza juu ya profaili. Povu la kuelea lililogandishwa moja kwa moja kwenye ganda, zulia, mbao mbichi, vyote hushika maji kama kidonda kilichofungwa kitambaa kilicholowa. Mbao zilizotiwa dawa yenye chumvi za shaba ni mbaya zaidi. Weka mkanda wa plastiki au mpira mgumu katikati, na sakafu iwe ya kuinuliwa. Boti niliyoisimulia mwanzo ilikuwa na sakafu iliyopigwa riveti mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu aliyeweza kusafisha ngama hata angetaka.

Hatua ya 5: Hifadhi na kata mbali na chuma

Profaili zikifika, zipange juu ya mbao kavu, zikiwa na nafasi kati yake, chini ya paa. Zikirundikwa zimelowana zinapata madoa meupe. Usizilaze sakafu yenye saruji mbichi au vumbi la saruji lililolowana. Alumini haipatani na ualkali mkali.

Kama karakana yako inafanya chuma pia, tenga upande. Cheche za grainda ya chuma zikitua juu ya alumini hujichimbia, na kila chembe itakuwa chanzo cha doa la kutu na kishimo. Brashi, diski na tupa zilizogusa chuma zisiguse alumini kamwe. Mimi nimepaka mipini ya zana za alumini rangi ya bluu, na mwanafunzi yeyote anajua hilo tangu siku ya kwanza.

Kukata ni rahisi: msumeno wa duara wa seremala wenye meno ya kabidi, mafuta kidogo au nta ya mshumaa kwenye meno. Diski ya kawaida ya kusaga chuma huziba na alumini, ikapata moto na kuweza kupasuka. Pima asubuhi kivulini. Pau ya mita 6 ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 juani hurefuka milimita 5 hivi, na milimita 5 zinatosha kuharibu mwafaka wa taruma.

Hatua ya 6: Chomelea ukijua nini unapoteza

T6 ni zawadi ya joto la kiwandani, na joto la weldi huinyang'anya. Kandokando ya mshono, upana wa milimita 25 hivi kila upande, 6082-T6 hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Haiwezi kurudishwa karakanani. Kwa hiyo mipango hufanywa mapema: muhimili mrefu wa kwenda omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, usiungwe katikati ya nafasi kati ya mataruma, wala juu ya taruma lenyewe. Unga kwenye robo ya nafasi, mahali mkunjo ni mdogo. Na usichomelee vikorokoro vya kushikia waya au bomba la mafuta kwenye bapa la juu la taruma. Pachika kwenye ukuta wake, katikati ya kimo.

Waya wa kuchomelea uwe 5356 au 5183. Waya wa 4043, ambao mafundi wa rejeta wanaupenda kwa kuwa unatiririka vizuri, una silikoni, na ukikutana na magineziamu ya 5083 mshono unakuwa mkavu wa kuvunjika. Gesi ni argoni tupu. Ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi kwa ajili ya chuma itakuunguzia mshono mzima.

Usafi ndio nusu ya weldi. Utando wa oksidi huyeyuka karibu nyuzi 2,050 wakati alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660, hivyo bila kuuondoa utakuwa unayeyusha nyama chini ya ngozi isiyoyeyuka. Futa mafuta kwanza kwa asetoni na kitambaa safi, acha ikauke, ndipo upige brashi ya stenlesi. Ukigeuza mpangilio huu, brashi inayasugulia mafuta ndani. Chomelea ndani ya saa chache. Kwa MIG, mashine inayolisha waya yenyewe, sukuma tochi mbele, usiivute. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na unyevu ukiingia kwenye mshono unatoa hidrojeni inayoacha matundu kama mkate wa kumimina. Asubuhi ya masika ni bora usubiri jua lipande kuliko kuharibu.

Mshono uwe mzima pale penye maji. Weldi za kurukaruka hupunguza mpindo, na ndani ya kibanda juu hazina neno, lakini chini ya sakafu kila pengo kati ya weldi ni ufa wa kushika chumvi. Zungusha mshono kwenye ncha za taruma, usiukate pembeni.

Na afya yako: moshi wa weldi hii una ozoni na mwanga wake ni mkali kuliko wa chuma. Funika ngozi yote. Ukiingia kuchomelea ndani ya tangi au chini ya sitaha, awepo mtu nje anayekuona na feni inayoleta hewa, kwa sababu argoni ni nzito kuliko hewa, hujaa chini kimyakimya na haina harufu.

Hatua ya 7: Tenganisha metali

Ndani ya maji ya chumvi, metali mbili zikigusana ni betri, na alumini ndiyo inayolika. Shaba ya aina yoyote ni adui wa kwanza. Valvu za chini ya maji zisiwe za bronzi. Tumia za plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi, au za alumini. Stenlesi ya 316 inakubalika kwa bolti, kwa kuwa bolti ni ndogo na alumini ni kubwa, lakini weka washa ya nailoni, kikoba cha plastiki kuzunguka shina la bolti, na mafuta mazito ya kuzuia mgusano. Fundi anayeruka hatua hiyo atarudi mwaka ujao na tindo.

Umeme uwe wa waya mbili kwa kila taa na kila pampu. Ganda la boti si waya wa kurudishia hasi. Umeme unaovuja ndani ya maji unaweza kufanya kwa wiki kazi ambayo chumvi ingeifanya kwa miaka.

Zebaki nayo haitakiwi kabisa ndani ya boti ya alumini, na nasema hivi nikiwafikiria wanaobeba mizigo Ziwa Victoria upande wa Geita, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia. Chupa ikivunjika, zebaki huvunja ule utando na kula alumini kwa kasi inayoonekana kwa macho.

Hatua ya 8: Anodi, rangi na joto

Anodi, ambayo mabaharia wengi huiita tu zinki, ni kipande kinacholika badala ya boti. Baharini tumia ya zinki au ya alumini. Kwenye maji baridi ya ziwa zinki hulala usingizi, kwa hiyo weka ya magineziamu. Lakini usiipeleke ya magineziamu baharini, maana nguvu yake inazidi na alumini yenyewe huanza kuumia na rangi kubanduka. Ziwa Tanganyika lina tabia yake: maji yana ualkali, pH inazunguka 9, karibu na ukingo ambapo utando wa oksidi huanza kulegea. Huko ningepaka rangi hata boti ndogo. Anodi isipakwe rangi, na ibadilishwe ikifika nusu.

Boti inayopandishwa mchangani kila jioni haihitaji rangi yoyote. Inayolala majini inahitaji epoksi tabaka kadhaa juu ya alumini iliyopigwa mchanga usio na chembe za chuma, kisha rangi ya kuzuia viumbe isiyo na oksidi ya shaba. Soma mkebe. Rangi nyekundu ya kawaida ya chini ya meli za chuma mara nyingi ina shaba hiyo.

Joto ni la mwisho. 5083 ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 65, magineziamu yake huhamia kwenye mipaka ya chembe za metali na kufungua njia ya nyufa. Meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga, zenye majengo ya juu ya alumini ya 5456, zilipasuka kwa sababu ya namna hiyo. Karibu na bomba la moshi wa injini tumia 5454, na usipake sitaha rangi nyeusi kwenye jua letu.

Hatua ya 9: Kabla ya kushua, na kila mwezi baadaye

Mwaga ndoo ya maji omo na uyafuate kwa tochi hadi tezi. Popote yanapobaki, weka alama na urekebishe sasa, wakati boti bado iko kavu. Kisha chora ramani ya mataruma kwenye daftari, kila moja na namba yake.

Baada ya hapo, kila mwezi inua sakafu, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, okota kila chubwi, sarafu, ndoano na kipande cha waya. Ukiona unga mweupe, usiufute tu. Andika namba ya taruma na tarehe, ng'oa unga kwa brashi ya plastiki, pima kina cha kishimo kwa sindano ya kipimo, kisha tafuta metali gani iko karibu au maji gani yamesimama. Kishimo kilichofika robo ya unene, niite au mwite fundi aliye karibu nawe.